Sauti Tusiyoijua: Simu za Ulaghai na Wajibu wa Jumuiya

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani wa parokia



UTANGULIZI

Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo mno kuwekwa katika ratiba ya semina kama hii, yaani simu zinazopigwa na watu tusiowajua. Tumezoea kujadili hapa habari za ardhi, mirathi ya wajane, rushwa na uchaguzi. Simu ni kitu cha mfukoni. Lakini tukumbuke kwamba siku hizi mfukoni humo ndimo ilimo ada ya mtoto, akiba ya kikundi, fedha ya mbolea na pensheni ya mzee. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo familia nyingi zisizokuwa na akaunti benki zimeweka mali yao humo. Anayefanikiwa kuingia katika simu ya mkulima ameingia ghalani mwake.

Huyo mwizi wa ghala hili jipya havunji mlango. Hubisha hodi, na mwenye nyumba mwenyewe ndiye humfungulia. Kwa sababu hiyo aliyeibiwa huona haya. Hujilaumu, hunyamaza, na pengine hamwambii hata mwenzi wake wa ndoa. Nami nataka jambo moja lieleweke tangu mwanzo: aliyelaghaiwa si mpumbavu. Ametendewa dhuluma, na kunyamaza kwake ndiko kunakompa mlaghai nafasi ya kumwendea jirani. Tutafuata utaratibu wetu wa siku zote wa Kuona, Kupima na Kutenda.

I. KUONA

Simu hizi zina sura nyingi, lakini ukizichunguza utaona ni chache tu zinazorudiwarudiwa.

1. Fedha iliyokosewa. Unapokea ujumbe unaofanana na ule wa muamala, kwamba umepokea kiasi fulani. Mara simu inaita. Mtu anasema kwa unyenyekevu kwamba amekosea namba, ni fedha ya mgonjwa, anaomba umrudishie. Ukweli ni kwamba hakuna fedha iliyoingia. Ujumbe ule ameuandika yeye. Ukimrudishia, umempa fedha yako mwenyewe.

2. Mhudumu wa kampuni. Mpigaji anajitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa kampuni ya simu au benki. Anasema laini yako itafungiwa leo, au usajili wako una kasoro. Kisha anakuongoza ubonyeze nyota, namba na reli (#), au anakuomba namba yako ya siri. Katika namba hizo anazokubonyezesha, nyingine ni za kutuma fedha, na nyingine huhamisha simu zako zote ziite kwake.

3. Msiba au hatari. Mwanao ameanguka shuleni, anapelekwa hospitali, daktari anadai fedha kabla ya kumhudumia. Anayepiga anajiita mwalimu. Anajua jina la shule, na pengine hata jina la mtoto.

4. Bahati. Umeshinda zawadi, umepata ajira, umechaguliwa kupewa mkopo au msaada wa shirika fulani, ila kwanza ulipie fomu. Wapo hata wanaowaalika watu kujiunga na vyama vya siri vya utajiri, na wanaojiita waganga.

5. Tarakimu sita. Mtu unayemfahamu, au anayejifanya ni yeye, anasema: "Nimekutumia namba kwa makosa, naomba unisomee." Namba hiyo ya tarakimu sita ni ufunguo wa akaunti yako ya WhatsApp. Ukiisoma, akaunti inahamia kwake, naye anaanza kuwaomba fedha wanajumuiya wenzako kwa jina lako.

6. Simu inayoita mara moja na kukatika. Namba ni ya nchi ya mbali. Wajapani, ambao kwao ujanja huu ulijulikana mapema, waliupa jina la *wangiri*, maana yake kuita mara moja na kukata. Mlaghai hataki upokee. Anataka upige wewe, kwa sababu namba ile ina gharama kubwa kwa kila dakika, naye hupata sehemu ya gharama hiyo. Namba za Tanzania zinapotokea kwa kirefu huanza na +255, za Kenya +254, za Uganda +256, za Burundi +257, za Rwanda +250 na za Kongo +243. Kama huna ndugu wala shughuli katika nchi ya namba iliyokuita, huna sababu ya kupiga.

7. Wadai wa mikopo ya mtandaoni. Hawa si walaghai wa namna ile ile, lakini nao wamo katika mada yetu. Mtu amekopa fedha kidogo kwa programu ya simu. Programu imechukua orodha ya namba zote zilizomo simuni mwake. Akichelewa kulipa siku chache, mama mkwe wake, padre wake na mwajiri wake hupigiwa simu za matusi na kumwaibisha. Wanaopigiwa hawakukopa wala hawakumdhamini mtu.

Hizo ndizo sura za nje. Tukitazama ndani tutaona kwamba zote hujengwa juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni haraka: fanya sasa hivi, usikate simu. Ya pili ni hofu au tamaa, maana moyo ulioshtuka au uliofurahi ghafula haupimi mambo. Ya tatu ni siri: usimwambie mtu, jambo hili ni lako peke yako. Sahauni orodha yote niliyoitaja kama haiwezekani kuikariri, lakini shikeni hizi tatu. Walaghai hubadili hadithi kila mwaka. Haraka, hofu na siri hawaziachi, kwa kuwa bila hizo kazi yao haifanyiki.

II. KUPIMA

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 27, tunasoma habari za mzee Isaka aliyekuwa haoni tena. Yakobo anamjia akijifanya Esau. Mzee anashtuka kwa sauti, kwa maana sauti si ya Esau. Anafanya uchunguzi: anampapasa mikono, ananusa mavazi yake, anamwuliza waziwazi kama kweli yeye ni Esau. Anajibiwa ndiyo, naye anatoa baraka. Wengi husema Isaka hakuwa mwangalifu. Sivyo, alikuwa mwangalifu sana. Kasoro ilikuwa moja tu: swali lake lote alilielekeza kwa yule yule aliyekuwa akimdanganya. Hakumwita mtu wa pili.

Hili ndilo fundisho la mada yetu nzima. Tunapopigiwa simu na mtu tusiyemjua, aghalabu tunauliza: wewe ni nani, unatoka ofisi gani, kitambulisho chako namba ngapi? Naye anajibu yote bila kusita, maana amejiandaa. Anatutajia hata jina letu kamili na kijiji chetu. Tunasema moyoni: angekuwa mwongo asingejua haya. Lakini majina yetu na namba zetu zimetapakaa kila mahali: katika madaftari ya wageni, katika vibanda vya mawakala, katika orodha za vikundi. Kujua jina la mtu hakumfanyi aliyelitaja awe mkweli. Uhakika haupatikani kutoka kwa mpigaji. Unapatikana kwa njia nyingine, ambayo yeye hakuichagua.

Vivyo hivyo tusitegemee mno jina linalojitokeza kwenye kioo cha simu. Zipo programu, mathalani Truecaller, zinazoonyesha jina la mpigaji. Zina msaada, hasa pale ambapo watu wengi wameshaitia namba alama ya ulaghai. Lakini jina lile hutokana na watumiaji wenyewe, na mlaghai hashindwi kujiita "Huduma kwa Wateja". Wengine huanza hatua za kutuma fedha ili waone jina la mwenye namba kabla ya kuthibitisha. Jina hilo ni la aliyesajili laini, si lazima liwe la anayezungumza. Na kwa mafundi wa uovu huu, hata namba inayoonekana yaweza kuwa ya bandia. Siku hizi mashine zaweza kuiga hata sauti ya mtu baada ya kusikiliza mfano wake mfupi. Kwa hiyo sauti ya mwanao akilia si ushahidi wa kutosha kwamba ni mwanao.

Je, tufanyeje basi? Tuache kupokea simu za watu wote tusiowajua? Wapo walioamua hivyo, nami naona ni hasara nyingine. Namba ngeni yaweza kuwa ya muuguzi wa zahanati. Yaweza kuwa ya kijana aliyepoteza simu akaazima ya mpita njia, au ya maskini asiye na simu kabisa. Mlaghai ametuibia fedha. Tusimruhusu atuibie pia utayari wa kuitika tunapoitwa. Tunachohitaji ni kipimo ambacho kitamzuia mwongo bila kumdhuru mkweli. Kipimo hicho kipo: mkweli hapotezi kitu kwa kungojeshwa dakika tano. Mwalimu wa kweli hatakasirika ukisema, "Ahsante mwalimu, nakata nipige ofisini kwenu." Mfanyakazi wa benki wa kweli atakupongeza. Anayekuzuia usikate simu, anayegomba na kukutisha, huyo amekwisha kujitambulisha mwenyewe.

Yatupasa pia kupima upande wa pili wa simu. Ni nani huyu anayepiga? Mara nyingi ni kijana wa kwetu. Amri ya saba na ya nane zinamhusu moja kwa moja, na Kanisa hufundisha kwamba mali iliyoibwa haina budi kurudishwa kwa mwenyewe; toba ya maneno haitoshi. Lakini swali halimhusu yeye peke yake. Mzazi aliyejengewa nyumba na kijana asiye na kazi inayojulikana, aliuliza fedha imetoka wapi? Wakala aliyemwuzia laini iliyosajiliwa kwa jina la bibi mmoja asiyejua kusoma, hakujua itatumikaje? Nasi tunaosoma majina ya wachangiaji wakubwa kanisani, tunauliza?

Tena wapo wapigaji ambao wao wenyewe ni watumwa. Mwezi Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa taarifa ikikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia huenda walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kuendesha utapeli wa mtandaoni. Walivutwa kwa ahadi za ajira nzuri, wakanyang'anywa pasi zao, na walioshindwa kutimiza kiwango waliteswa. Hata Afrika Mashariki iliguswa, kwani mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitangaza kuwaokoa raia wake waliokuwa wamenaswa huko. Basi tunapowaonya vijana wetu juu ya ajira za ng'ambo zinazotangazwa simuni, tunawalinda wao, na tunawalinda pia wale ambao wangelazimishwa kuwalaghai.

III. KUTENDA

A. Simu inapoita

Kwanza, pokea kwa adabu, sikiliza, lakini usiwe wa kwanza kutaja majina. Ukiulizwa, "Hujambo, unanikumbuka?" usikisie, "Wewe ni Yohana?" Ukikisia hivyo, umempa jina la kutumia.

Pili, ukisikia mojawapo ya nguzo tatu, yaani haraka, hofu au tamaa, na siri, kata simu. Huhitaji kubishana wala kutoa sababu. Kukata simu ya namna hii si utovu wa adabu.

Tatu, tafuta uhakika kwa njia nyingine. Piga namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo ile iliyokupigia wala ile uliyopewa na mpigaji. Kwa habari za mtoto, piga shuleni. Kwa habari za fedha iliyokosewa, tazama salio lako mwenyewe, usitegemee ujumbe. Kama kweli fedha ya mtu imeingia kwako kwa makosa, usiitumie, maana si yako; lakini yeye na aiombe kupitia kampuni ya simu, ambayo ina utaratibu wa kurudisha muamala.

Nne, kumbuka namba rasmi. Nchini Tanzania Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imewatangazia wananchi mara nyingi kwamba kampuni za simu humpigia mteja kwa namba 100 pekee. Anayekupigia kwa namba ya kawaida na kujiita mhudumu wa kampuni, si mhudumu. Kwa wasikilizaji wenye ndugu Kenya, Safaricom nayo imetangaza kwamba huwapigia wateja wake kwa namba moja tu, 0722 000 000.

Tano, namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote: kwa mhudumu, kwa polisi, kwa padre, wala kwa mtoto wako anayekusaidia kusoma ujumbe. Namba za uthibitisho zinazoletwa kwa ujumbe nazo ni vivyo hivyo. Wala usibonyeze namba za nyota na reli kwa kuelekezwa na mtu usiyemjua.

B. Ikiwa umekwisha kulaghaiwa

Hapa kila dakika ina thamani, na hapa ndipo aibu hutuangamiza. Piga namba 100 mara moja, ueleze muamala ulivyofanyika. Ikiwa fedha haijatolewa kwa wakala, yaweza kuzuiwa. Huko Kenya wateja wa M-Pesa hupeleka ujumbe wa muamala kwenda namba 456. Badili namba yako ya siri. Kama simu yako imepoteza mtandao ghafula bila sababu, huenda mtu amehamisha laini yako. Azima simu ya jirani, upige hima. Usifute ujumbe wowote, maana ndio ushahidi wako.

Kisha toa taarifa. Hapa Tanzania, ujumbe wa ulaghai hupelekwa kwenda namba 15040, pamoja na namba iliyoutuma. Kwa Safaricom ya Kenya namba ya taarifa ni 333. Kama mali imepotea, nenda kituo cha Polisi na uondoke na namba ya taarifa yako. Msidhani ni kazi bure. Malalamiko ya mtu mmoja yaweza kukaa. Namba ile ile ikilalamikiwa na watu hamsini itafungwa.

C. Haki zetu kisheria

Ni vizuri viongozi wajue kwamba serikali imeweka sheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 yataka kila laini isajiliwe, na laini au simu ikipotea taarifa itolewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu udanganyifu wa njia ya kompyuta na kujifanya mtu mwingine. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inasema kwamba taarifa zako, namba yako ya simu ikiwa mojawapo, zisikusanywe wala kutumiwa kiholela. Kwa sheria hiyo waweza kumzuia mfanyabiashara asitumie namba yako kwa matangazo, na waweza kulalamika mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anayepigiwa simu za matusi kwa deni la mtu mwingine asidhani kwamba hana pa kwenda. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu za mikopo zinazoendeshwa bila leseni. Kabla ya kukopa, na hata baada ya kutukanwa, ulizeni kwanza kama mkopeshaji huyo ana kibali.

Kila mmoja pia abonyeze *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Usajili wa alama za vidole ulikusudiwa kuondoa laini zisizo na mwenyewe, na laini nyingi ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa mwezi Januari 2020. Lakini walaghai walipata njia: bibi anakwenda kusajili laini moja, anaambiwa kidole hakikusoma, aweke tena, na tena. Laini mbili zimesajiliwa, na moja haipati yeye. Siku Polisi wakiitafuta namba ile, watagonga kwa bibi. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda ofisi ya kampuni husika uikane.

D. Wajibu wa parokia na jumuiya

Sasa nasema na sisi wenyewe tulio viongozi. Mara nyingi ni sisi tunaowapa walaghai vitendea kazi. Orodha ya wachangiaji wa ujenzi, yenye majina, namba za simu na kiasi alichoahidi kila mmoja, hubandikwa mlangoni mwa kanisa, ikapigwa picha, ikasambazwa. Mlaghai akiipata ana kila kitu: anajua nani ameahidi nini, na anaweza kupiga akijifanya katibu wa kamati. Napendekeza mambo matano.

(i) Orodha zibandikwe bila namba za simu. Madaftari ya sakramenti na ya jumuiya yafungiwe kabatini.

(ii) Namba ya kupokea sadaka na michango itangazwe kanisani, ibaki ile ile, na waumini waambiwe kwamba haitabadilishwa kamwe kwa simu wala kwa ujumbe. Anayesema, "Namba ya zamani ina tatizo, tuma kwenye hii," asitumiwe, hata akiwa na jina la Paroko. Nami mkiona ujumbe wa jina langu ukiomba fedha, njooni mniulize ana kwa ana, sitachukia.

(iii) Mweka hazina wa kikundi asiwe peke yake juu ya fedha ya wenzake. Tuchukue mfano: akiba ya wanajumuiya thelathini imo katika simu ya mama mmoja. Akipigiwa simu moja ya hila, thelathini wamepoteza, naye ataitwa mwizi maisha yake yote. Kuweka watu wawili au watatu wa kuidhinisha kila malipo si kumshuku, ni kumlinda.

(iv) Kila familia iandike kwenye karatasi, ukutani, namba za shule, zahanati, jirani na ndugu wawili wa kuaminika. Tena wakubaliane swali moja la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijibu. Wazee wanaoishi peke yao wapewe mtu maalumu katika jumuiya wa kumwuliza kabla ya kutuma fedha yoyote. Vijana wa Viwawa wawatembelee na kuwasaidia kuzuia namba sumbufu katika simu zao.

(v) Katika kila mkutano wa jumuiya, baada ya kusoma Neno, itengwe dakika chache za kuulizana, "Wiki hii mmepigiwa simu gani?" Ulaghai mpya ukitajwa Jumamosi katika jumuiya moja, Jumapili parokia nzima imeujua. Na mtu akisema, "Mimi nimelaghaiwa," asichekwe. Aliyechekwa mbele ya watu hatasema tena, na wengine kumi watajifunza kunyamaza.

Ndugu zangu, nitahadharishe pia juu ya hasira. Tusichapishe namba ya mtu na kumwita mwizi kabla ya uhakika, maana laini yaweza kuwa ya yule bibi niliyemtaja, na aliyekosea namba yaweza kuwa amekosea kweli. Mkimjua mlaghai, mkabidhini kwa vyombo vya sheria, asipigwe. Na kijana anayetaka kuiacha kazi hiyo apate mlango wa kurudia, pamoja na sharti la kurudisha alichochukua.

HITIMISHO

Mlaghai humtafuta mtu aliye peke yake na simu yake. Ndiyo maana hukazania siri. Kinga yetu ya kwanza haimo ndani ya simu, bali katika jirani wa kumwuliza kabla ya kubonyeza. Jumuiya Ndogo Ndogo zilianzishwa ili kwamba Mkristo asiwe peke yake katika shida. Tuzitumie basi katika shida hii pia.

Maswali kwa ajili ya mazungumzo katika jumuiya

1. Ni simu gani za hila zimewafikia wanajumuiya wetu katika miezi mitatu iliyopita? Katika kila moja, iko wapi haraka, iko wapi hofu au tamaa, iko wapi siri?

2. Katika jumuiya yetu yuko nani anayeishi peke yake na kupokea fedha kwa simu? Nani atakuwa mtu wake wa kumwuliza?

3. Fedha ya kikundi chetu inatunzwa na watu wangapi? Ikipotea leo, tutamtendea haki aliyeitunza?

4. Yuko mtu kati yetu aliyepoteza mali kwa njia hii na bado amenyamaza? Tufanye nini ili aweze kusema bila kuona haya?